Desturi za Kazi katika Makampuni ya Kigeni: Historia Ionekanavyo kutoka Mlandege

Litajwapo neno utamaduni, fikra za wengi huelekea kwenye ngoma, mavazi, mashairi na arusi. Hayo ni kweli, lakini si yote. Utamaduni ni jumla ya mwenendo wa watu katika maisha yao, na sehemu kubwa ya maisha ya mtu mzima hupita kazini. Namna mkubwa amwitavyo mdogo wake, lugha itumikayo kutoa amri, nani hukaa na nani husimama, nani huulizwa na nani huambiwa tu: hayo nayo ni utamaduni. Kwa hiyo kampuni kubwa yenye makao yake nchi za mbali huja na desturi zake kama ijavyo na mashine zake. Katika makala haya tunakusudia kutazama jinsi desturi hizo zilivyobadilika hapa Unguja kwa muda wa karibu miaka mia mbili, na kuuliza swali moja: ni nani hasa aliyeyaongoza mabadiliko hayo?

Swali hili tunaliuliza tukiwa Mlandege. Mtaa huu upo hatua chache kutoka Darajani, mahali palipokuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla mkono huo haujafukiwa. Upande wa magharibi zilikuwapo ofisi, maghala na nyumba za wafanya biashara wakubwa. Upande wa mashariki walikaa wengi wa wale waliobeba magunia yao. Leo Mlandege ni mtaa wa maduka, na kijana asiyeambiwa hawezi kujua kwamba baadhi ya wazee waliopita njia hizi alfajiri walikuwa wakienda bandarini kungoja kuchaguliwa.

Wafanya biashara wa Kizungu na wa Kimarekani hawakuja hapa mwanzoni wakiwa mabwana. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, wa Uingereza mwaka 1839, na wa Ufaransa mwaka 1844. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mwenyewe mfanya biashara kutoka mji wa Salem. Aligundua upesi kwamba mambo makubwa ya biashara hayaendi bila kuelewana na Jairam Shivji, mkodi wa forodha. Nyumba ya O'Swald ya Hamburg, iliyoanza biashara hapa mwaka 1849, nayo ilibidi ijifunze mikopo ya pwani, madalali wa pwani na misimu ya pepo za pwani. Wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wageni wale walifumba. Biashara yao ilituachia hata neno: kitambaa cha pamba kutoka Marekani tukakiita merikani, na jina hilo likasafiri na misafara hadi ndani kabisa ya bara.

Lakini tusiipambe picha hiyo kupita kiasi. Kuheshimu desturi za wenyeji kulikuwa na maana ya kuheshimu desturi za wenye mali, na miongoni mwa desturi hizo ulikuwamo utumwa. Makampuni ya kigeni yalikodi watumwa kwa mabwana wao ili wabebe mizigo, na mara nyingi nusu ya ujira ilikwenda kwa bwana. Neno letu kibarua lina asili katika barua ndogo, kijikaratasi cha kazi ya siku. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa haikutambuliwa tena kisheria kuanzia mwaka 1897. Lakini neno kibarua lilibaki, na pamoja nalo ikabaki ile fikra kwamba mtu aweza kukodiwa asubuhi na kusahauliwa jioni.

Baada ya mwaka 1890, Unguja ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, mizani iligeuka. Kampuni ya Smith Mackenzie, iliyoanzishwa hapa katika miaka ya 1870 na iliyokuwa wakala wa meli za British India, ni mfano wa nyumba za biashara zilizokua pamoja na ukoloni huo. Sasa jicho la kufumbwa lilikuwa la mwenyeji. Ngazi za kazi zikafuata rangi: mkubwa Mzungu, karani Mhindi au Mgoa au Mwarabu, na chini kabisa mchukuzi Mwafrika. Kiswahili kilitumika, kwa kuwa pasipo Kiswahili hapana gunia linalohama. Lakini kilikuwa Kiswahili cha amri. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba lahaja hii hii ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Lugha ya mtu ikasanifiwa vitabuni, naye mwenyewe hakuulizwa neno kazini.

Hapo ndipo tunapofika mwaka 1948. Baada ya Vita Vikuu vya Pili gharama za maisha zilipanda. Wafanya kazi wa Mombasa waligoma Januari 1947, na wale wa bandari ya Dar es Salaam wakafuata mwaka huo huo. Habari husafiri na majahazi. Mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja, walioajiriwa na African Wharfage Company, waliacha kazi, na katika muda wa siku chache mgomo ukaenea mjini kote, hata vyakula vikawa haba sokoni. Uliendelea hadi Septemba.

Tulipokuwa wadogo, mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwamo katika mgomo huo alikuwa akitusimulia barazani. Tulitarajia atueleze juu ya fedha. Alizitaja, lakini hakukaa nazo. Alilorudia kila mara ni jinsi walivyokuwa wakichaguliwa asubuhi kwa kuonyeshwa kidole, bila ya jina. "Siku ile," alikuwa akisema, "ilibidi watuulize: nyinyi mwataka nini? Hawakupata kutuuliza kabla yake." Maneno hayo hatukuyaelewa ila baada ya kuajiriwa sisi wenyewe. Mabadiliko makubwa ya utamaduni wa kampuni hayakuwa kuongezeka kwa ujira tu. Yalikuwa ni kuulizwa. Wala mabadiliko hayo hayakutoka katika ofisi ya mkubwa. Yaliongozwa na watu ambao daftari la kampuni halikuwatambua ila kwa idadi.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalihamisha mamlaka, na katika miaka iliyofuata shughuli kuu za biashara zikashikwa na Serikali. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzishwa mwaka 1966, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar mwaka 1968. Upande wa Bara, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatiwa mara moja na kutaifishwa kwa mabenki, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kiswahili kikaacha kuwa lugha ya kupokelea amri, kikawa lugha ya barua, ya mikutano na ya hesabu. Bwana akawa ndugu.

Je, desturi zilibadilika kwa kubadilika mwenye mali? Zilibadilika kwa sehemu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilazimika kuwaonya viongozi dhidi ya kiburi, anasa, dharau na uonevu. Na katika miaka iliyofuata wafanya kazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma wakilalamikia hasa kudharauliwa na mameneja wao, ambao sasa walikuwa wananchi wenzao. Nasi tuliotumikia Serikali hatuna budi kukiri sehemu yetu. Tulirithi kengele ya mezani na benchi la nje, na wako kati yetu walioipiga kengele ile kwa furaha, wakamwacha mwananchi akae juu ya benchi lile tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kiti kilipata mkaaji mpya. Desturi ya kiti ilibaki pale pale.

Tangu Sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986, makampuni ya kigeni yamerudi Unguja kwa wingi, safari hii zaidi katika mahoteli. Yanakuja na vitabu vya kanuni vilivyoandikwa mbali. Miaka kadhaa iliyopita tulikaa katika kikao kimoja cha usuluhishi kati ya kampuni ya namna hiyo na binti wa Mlandege. Kosa lake lilikuwa kumwamkia mzee mgeni, Mswahili wa Mombasa, kwa shikamoo, ilhali kanuni ilitaka wageni wote waamkiwe kwa lugha ya kigeni. Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliuliza maana ya neno lile, akaelezwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika miaka yake yote hapa hakuna aliyemweleza. Kanuni ilibadilishwa: wahudumu wakaruhusiwa kuamkia kwanza kwa Kiswahili. Lakini binti hakurudi. Alisema hawezi kufanya kazi mahali ambapo adabu aliyofunzwa na bibi yake ilihitaji kuhukumiwa kwanza.

Tukiyakusanya hayo twaona mambo mawili. La kwanza, kanuni ya kampuni hubadilika kwa saini moja, bali desturi hubadilika pale ambapo mdogo ana njia ya kusema na mkubwa ana sababu ya kusikia. Mwaka 1948 njia hiyo ilikuwa mgomo, kwa kuwa nyingine haikuwapo. La pili, lugha ni mlango wa njia hiyo. Kampuni isiyoijua lugha ya wafanya kazi wake yaweza kuwahesabu, haiwezi kuwasikia. Ndiyo maana kazi ya mabaraza yetu ya Kiswahili haiishii katika kusanifu istilahi. Inafaa ifike hadi katika vitabu vya kanuni vya mahoteli na mikataba ya ajira, ili mtu atie saini jambo analolielewa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Makampuni yatakuja na yataondoka, kama zilivyokuja na kuondoka nyumba za Salem na Hamburg. Watakaobaki ni watu wa Mlandege na wenzao wa mitaa mingine. Ni wajibu wetu, tulio katika ofisi na tulio katika maghala, kuhakikisha kwamba kila ajaye anakuta watu wanaojua kumkaribisha na wanaotaka waulizwe.