Hakimu Bao na Bwana Msa

Msomaji, hata ukiwa Gataka, katika Kajiado, leo waweza kufungua simu ukacheza mchezo wa kusoma, ambamo mpelelezi wa Kichina amtafuta mwuaji kati ya mabingwa wa upanga. Usidhani kuwa jambo hilo ni geni. Hakimu Bao Zheng aliishi kweli, tangu 999 hata 1062. Baadaye wasimulizi walimfanya bingwa wa kufumbua mauaji, na mwaka 1879 kikapigwa chapa kitabu kilichompa wasaidizi mashujaa wa upanga. Lakini Bao wa hadithi husaidiwa pia na wafu, ambao humjia kumwambia yaliyofichika!

Sasa mtazame Bwana Msa wa Unguja, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapwa 1960, maiti isiyo na kichwa yaonekana mzimuni. Watu wahofu mizimu. Bwana Msa, kiko mdomoni, hana upanga, wala wafu hawamnong’onezi. Kwangu mimi kazi yake ndiyo ngumu zaidi: huuliza, hupima majibu, kisha humtafuta mtu, si pepo.