Nyota Ngapi kwa Sauti ya Dhiki?

Mwaka wa 1974, Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilimwendea mtu ambaye serikali ya Jomo Kenyatta ilikuwa imemfunga miaka mitatu. Isome tena hiyo, pole pole. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 22 alipokamatwa Desemba 1968 kwa ajili ya kijikaratasi cha siasa kilichouliza Kenya: Twendapi? Alihukumiwa mwaka uliofuata, akatoka 1972. Humo ndani alitunga mashairi, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, diwani iliyotolewa na Oxford University Press mwaka wa 1973.

Mimi huandika uhakiki wa vitabu. Nalipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, lakini nalipwa. Wahariri wengi siku hizi wanataka mwisho wa makala uweke nyota, moja hadi tano, kwa sababu msomaji wa simu hana subira: anashuka mpaka chini, anahesabu nyota, anaenda zake. Ndiyo maana hao majaji wa 1974 hawanitoki kichwani. Walipima nini hasa?

Wangeweza kuteleza kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana wazi: kuogopa. Jina la rais liko juu ya tuzo, na mwandishi ametoka jela juzi kwa kuisema serikali ya huyo huyo rais. Nani angewalaumu wakichagua kitabu kisicho na kelele? Lakini njia ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana ndiyo yetu sisi vijana: huruma. Kukipa kitabu ushindi kwa sababu mwandishi ameteseka, au kwa sababu yuko upande wetu. Ukifanya hivyo umempima mtu, na mashairi umeyaacha pale pale mezani.

Na mashairi yenyewe yanastahimili kupimwa. Chukua lile liitwalo Mamba: juu juu ni mnyama wa mtoni anayedhani mto ni wake milele, na kila aliyelisoma anajua mamba ni nani bila kuambiwa. Mtunzi yuko kifungoni lakini anafuata vina na mizani kama fundi wa seremala anayepima mbao mara mbili. Hakuna pahali anaomba apunguziwe.

Sasa, hebu tufanye mchezo. Tuchukue kitabu hiki kimoja tukipitishe kwenye vipimo vingine ambavyo vimewahi kutumika Afrika Mashariki.

Kipimo cha kwanza ni cha Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanza kazi Januari 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kitabu cha shule kilihitaji idhini yake. Wajumbe wa mwanzo walikuwa wakurugenzi wa elimu, maofisa wa serikali na wazungu wengine wa nje ya serikali. Waswahili wenyewe hawakuwa na kiti miaka hiyo ya mwanzo. Kipimo chao kikuu kilikuwa lugha: je, hiki ni Kiswahili sanifu, yaani kilichojengwa juu ya Kiunguja? Uamuzi huo wa Kiunguja ulipitishwa kwenye mkutano wa 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika, usicheke, Mombasa.

Sauti ya Dhiki imeandikwa kwa Kimvita. Kuna shairi humo linaloitwa Siwati. Kwa sanifu ungesema siachi. Mpe mkaguzi wa 1935 kalamu nyekundu: atabadilisha ti iwe chi, te iwe che, na papo hapo kina kinavunjika, ubeti unaanguka, shairi zima linachechemea. Halafu ataandika pembeni kwamba lugha ya mwandishi ina kasoro. Kitabu kilekile, na hapo kingepata nyota mbili, labda.

Lakini siwezi kuidharau Kamati kabisa. Mtoto wa Voi na mtoto wa Kigoma leo wanaandika neno moja kwa tahajia moja, na hiyo haikudondoka kutoka mawinguni. Kwa kitabu cha darasa la tatu, kipimo kile kilikuwa na maana. Tatizo ni kukichukua kipimo cha kitabu cha darasa la tatu na kukiweka juu ya mtu anayeimba kwa lugha ya mama yake akiwa kifungoni. (Utamu wa historia: Kamati ile iliingizwa kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1964 na kuwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Abdilatif alipotoka jela 1972 alihamia Dar, akaajiriwa hapo hapo.)

Kipimo cha pili kina jina la mtu. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo kuna kila kitu: vina, mizani, beti, vituo. Kwa kipimo hicho Sauti ya Dhiki inapanda juu sana. Lakini mwaka ule ule wa 1974, wakati diwani ya Abdilatif inapewa tuzo, Euphrase Kezilahabi kutoka Ukerewe alitoa Kichomi, na ndani yake kulikuwa na mashairi yasiyo na vina wala idadi ya mizani. Kukawaka moto. Kwa miaka mingi wanajadi walisema hayo si mashairi kabisa, wengine wakajibu kwamba ushairi si hesabu. Ukisoma malumbano yale leo unaona jambo moja la ajabu: wengi waliokuwa wakiipa Kichomi sifuri hawakuwa wakisema ni ushairi mbaya. Walikuwa wakisema si ushairi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nyota haziwezi kuyatenganisha. Ukiona nyota moja hujui kama mpishi ameunguza pilau au mteja aliagiza ugali.

Kezilahabi alikuwa ameshazoea. Riwaya yake Rosa Mistika, ya 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya namna ilivyozungumzia mapenzi na miili ya wasichana. Baadaye ikaja kusomeshwa shuleni. Hakuna neno lililobadilika ndani ya kitabu.

Hapa Maungu tunaishi kando ya barabara ya Mombasa, na trela zinazolala hapa usiku zimeshapita kwenye mizani ya Mariakani. Neno ni hilo hilo moja, mizani, la washairi na la madereva. Nimewauliza madereva kadhaa jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu nilidhani ni kupanda, kusoma kilo, kushuka. Kumbe sivyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha jumla, tani 56 kwa lori kubwa kabisa, lakini ekseli nazo zina kikomo chake. Unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ukakamatwa, kwa sababu mzigo umeegemea nyuma na ekseli moja imezidiwa. Dereva mmoja aliniambia kuwa jumla haijawahi kumsumbua hata siku moja. Kinachomsumbua ni mzigo kupangwa vibaya bandarini na watu ambao hawatakuwa naye barabarani.

Nyota tatu ni jumla. Riwaya yenye lugha tamu na njama iliyolegea ni nyota tatu. Riwaya yenye njama kali na Kiswahili kama cha tangazo la serikali ni nyota tatu pia. Msomaji anayependa lugha na msomaji anayependa kukesha na kitabu wanahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na nambari haiwaambii.

Shule nayo haikutusaidia hapo, ingawa ilitulea. Sisi tuliosoma sekondari Kenya tulijifunza kukikata kitabu teule vipande kama nyama ya buchari: dhamira, maudhui, wahusika, mbinu za lugha, jadili, alama 20. Nilimaliza Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora nikijua kuorodhesha sifa za kila mhusika, na hakuna mwalimu wala mwongozo ulioniuliza kama nilikipenda. Mimi ni mtu niliyeacha chuo, kwa hivyo usitegemee niitukuze mitihani. Hata hivyo kipimo kile kilikuwa na adabu moja ambayo mitandaoni imepotea: ilibidi uonyeshe ukurasa. Ukisema mhusika ni katili, thibitisha.

Mitandaoni hali ni nyingine. Goodreads ilianza 2007, Amazon ikainunua 2013, na leo ndiyo soko kubwa la nyota za vitabu duniani. Kwa riwaya ya Kiingereza iliyopigiwa kura na watu elfu nne, mtu mmoja mwenye kinyongo si kitu. Lakini kitabu cha Kiswahili mara nyingi kina wapiga kura unaoweza kuwahesabu kwa vidole. Fikiria watatu wa kwanza wametoa tano, tano na nne. Wastani ni 4.67. Anakuja wa nne, hajafika hata sura ya pili, ila kitabu kilifika kimekunjwa jalada, anatoa moja. Wastani unashuka hadi 3.75. Mwandishi amelala tajiri, ameamka maskini, na lililobadilika ni jalada tu. Upande wa pili ni huo huo: binamu zako watatu wanakupa tano tano na dunia inaona kito.

Kuna waliojaribu kuondoa jina ili kibaki kitabu. Mwaka wa 1929 I. A. Richards, mhadhiri wa Cambridge, alichapisha matokeo ya kuwapa wanafunzi wake mashairi bila majina ya watunzi. Waliwaangusha watunzi wakubwa wanaosifiwa kila mahali na kuwainua watu ambao leo hakuna anayewakumbuka. Wengi huisoma habari hiyo kama aibu ya wanafunzi. Mimi naona pia ni aibu ya sifa: inaonekana nyota nyingi tunazotoa zimeshatolewa na jina lililo kwenye jalada kabla hatujafungua.

Ila kwetu huwezi kuficha jina. Tunajuana mno. Na hata majaji wa mashindano wakipima vizuri, wakati unaweza kuwapinga. Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili 1957 hadi 1958, na ushindi ukaenda kwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapishwa 1960. Ni hadithi ya upelelezi, Bwana Msa na kiko chake. Baadaye wasomi wakaja na kapu lao la riwaya pendwa, ambalo kwa lugha yao ya heshima maana yake ni vitabu vya kupitisha muda, na Bwana Msa naye akahojiwa kama mahali pake ni humo. Mimi niko na wale wa shindano. Hadithi ya upelelezi ipimwe kwa swali la upelelezi: je, nilidanganywa kihalali? Kuilaumu kwamba haikuchambua ukoloni vya kutosha ni kumlaumu kinyozi kwa kutokukushonea suruali.

Niseme basi jinsi ninavyofanya mimi, kwa sababu mwaka huu nililazimika kuamua. Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Sagalla alichapisha mkusanyiko wa hadithi kwa pesa zake mwenyewe, anauuza kwa mkono Voi na huku Maungu. Nilipewa nakala ya bure. Vijana wa stejini walishaniambia hukumu: huyo ni wetu bana, mpe tano. Na kweli, ukihesabu ni vitabu vingapi vya Kiswahili vinatoka Taita mtu akiuza mbuzi ili alipe mchapaji, tano inakuja yenyewe mkononi.

Nilikisoma mara mbili, na katikati nikasoma mkusanyiko mwingine wa hadithi fupi, ili nisikilinganishe na riwaya ya kurasa mia tatu niliyokuwa nimetoka kuimaliza. Niliandika mwanzoni kabisa kwamba mwandishi namfahamu na nakala sikuinunua. Makosa ya uchapaji, na ni mengi, niliyataja kama deni la mchapaji, hayakuingia kwenye hesabu ya mwandishi. Maneno ya Kitaita yaliyojaa kwenye mazungumzo niliyahesabu kuwa nguvu. Mazungumzo yake ni ya juu sana, unasikia kabisa watu wa kwetu wakibishana kuhusu maji na ndovu. Lakini hadithi tatu kati ya tisa zinamalizika kwa mhubiri kutokea na kueleza yote, na moja haimaliziki, inakatika tu. Niliyaeleza hayo moja moja, kila moja na kurasa zake. Kisha, kwa kuwa mhariri anataka jumla, nikaweka tatu.

Stejini walininyamazia wiki nzima. Mwalimu alipiga simu siku ya pili.

"Kijana wangu, hizi tatu zako nimeziona. Hizo hadithi zenye mhubiri, ni zipi?"

"Ya pili, Mwalimu. Ya tano. Na ile ya mwisho."

Nikasikia anafungua kurasa, anakohoa, anarudi nyuma. Ya pili akasema sawa, ataitazama akichapisha tena. Ya tano pia. Ile ya mwisho akasema haiguswi, mhubiri huyo ni baba yake.