"Malaika" Katika Darasa la Arua

Mwalimu wa Kiswahili katika Arua au Koboko hukutana mapema na swali ambalo wenzake wa pwani hawaulizwi: je, hii si lugha ya askari? Swali hilo lina mizizi katika historia. West Nile ilitiwa katika himaya ya Uganda mwaka 1914, na vijana wake wengi wakaandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, maarufu kwa jina la Keya, ambamo amri zilitolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Rais Idi Amin, ambaye asili yake ni Wakakwa wa Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia raia wa West Nile, na watu wengi wakakimbilia Zaire na Sudan.

Basi nilipowataka wanafunzi wangu wa kidato cha pili wachague kila mmoja wimbo aupendao na kuufafanua, nilistaajabu kijana mmoja wa Koboko alipochagua "Malaika", wimbo uliomzidi umri hata baba yake. Wimbo huo ulivuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya katika miaka ya 1960, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaufikisha ng'ambo. Juu ya mtunzi wake wa kwanza pamekuwa na mabishano, kwani Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga.

Kijana alieleza kwamba babu yake alikuwa akimwimbia bibi yake wimbo huo walipokuwa ukimbizini Zaire. Ng'ombe aliowaweka kwa ajili ya mahari walikuwa wamepotea katika vurugu, naye hakuwa na la kuwapa wakwe. Mwimbaji wa "Malaika" naye ampenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea.

Nikamwuliza ni neno gani lililomgusa zaidi. Akajibu kwamba si neno, bali ni kiambishi: "-nge-". Kisha akatunga sentensi yake ubaoni: "Ningekuwa na ng'ombe, ningekuoa." Darasa lilicheka, halafu likanyamaza, maana wengi wao wana kaka ambao mpaka leo wanangojea ng'ombe.

Hapo nilipata jibu la lile swali la kale. Kiswahili cha kambini kilikuwa lugha ya kuamrisha: njoo, kaa, toa. Mwenye "-nge-" hana uwezo wa kumwamrisha mtu. Hutamani tu kisichokuwapo. Kumbe kwa lugha ile ile iliyowatisha wazee wetu, babu mmoja aliungama umaskini wake mbele ya mpenzi wake.

Walimu wenzangu, Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mema. Lakini tangazo la 1973 nalo lilikuwa amri, wala halikuwafanya watu wakipende Kiswahili. Kabla hatujaandika kanuni za sarufi ubaoni, tumwulize mwanafunzi ni wimbo gani ulioimbwa nyumbani kwao, na ni nani aliyeimbiwa.