Al-Ahkam as-Sultaniyya

Al-Ahkam as-Sultaniyya (Hukumu za Utawala) ni kitabu cha Kiarabu kuhusu sheria ya uongozi katika Uislamu, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 11 na Abu al-Hasan al-Mawardi (974–1058), kadhi wa madhehebu ya Shafii, yaleyale yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki.

Kilizaliwa wakati wa unyonge wa ukhalifa. Tangu mwaka 945 makhalifa wa Bani Abbas walibaki na cheo tu na kutajwa katika hotuba ya Ijumaa. Jeshi na hazina vilishikwa na maamiri Wabuwayhi, ambao walikuwa Mashia.

Kwa al-Mawardi, ukhalifa ni wajibu wa kisheria: kushika nafasi ya Mtume katika kuilinda dini na kuiendesha dunia. Khalifa huchaguliwa na wenye mamlaka ya kufunga na kufungua, yaani wakubwa wa umma wenye kauli, au huusiwa na aliyemtangulia. Masharti yake ni 7, yakiwemo uadilifu, elimu, ushujaa na nasaba ya Kikuraishi. Hilo la mwisho Waibadhi, wakiwemo wa Oman, hawalikubali.

Sehemu yenye werevu zaidi inamhusu amiri aliyetwaa jimbo kwa nguvu. Khalifa aweza kumwidhinisha, mradi auheshimu ukhalifa na kusimamisha sharia. Kilichoanza kama unyang'anyi kikapata hati.

Baadaye wengine walilitazama suala hili kwa namna tofauti. Mwanazuoni Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) aliipa sharia uzito zaidi kuliko cheo cha khalifa. Mwaka 1925, baada ya Uturuki kuufuta ukhalifa 1924, mwanazuoni wa Misri Ali Abd al-Raziq alikana kwamba dini iliuamrisha. Wanazuoni wa chuo cha al-Azhar wakamvua hadhi ya uanachuoni.