Si lazima kila mdudu amhubirie mtoto

Majuzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni amenuna. Alikuwa ametunga beti mbili kuhusu kumbikumbi wanaovamia taa baada ya mvua, kisha akawachora pembeni kwa penseli za rangi. Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Funzo liko wapi?"

"Babu, kwani kumbikumbi wanafunza nini?" akaniuliza.

Nilikosa jibu. Lakini swali la mwalimu huyo lina historia ndefu, na si yetu peke yetu.

Mnamo 1715, mhubiri Mwingereza Isaac Watts alichapisha Divine Songs, mkusanyiko wa mashairi ya watoto. Shairi moja humo linamsifu nyuki kwa bidii yake ili mtoto aone haya kukaa bure. Vizazi kadhaa vya watoto wa Uingereza vililikariri. Mdudu hakuletwa kwa mtoto ila awe na la kumfunza.

Kisha akatokea William Roscoe, wakili na mwanahistoria wa Liverpool. Alitunga shairi la kumfurahisha mwanawe mdogo, Robert, akaliita The Butterfly's Ball and the Grasshopper's Feast. Yaani, kipepeo kaandaa dansi, panzi kaandaa karamu! Lilichapishwa kwanza mwaka 1806 katika jarida la Gentleman's Magazine. Mwaka 1807 John Harris wa London akalitoa kama kijitabu chenye michoro ya William Mulready, kijana wa miaka ishirini hivi.

Hebu tutazame karamu yenyewe. Mbawakawa anafika akiwa amembeba chungu mgongoni. Uyoga ndio meza, jani ndilo kitambaa. Buibui anatembea juu ya kamba, anateleza, anabaki akining'inia kwa uzi wake. Giza likiingia, kimulimuli anawamulikia wageni njia. Na nyuki je? Yumo, ameleta asali. Ila safari hii hamsuti mtu. Ni mgeni kama wageni wengine. Nayo michoro ilimwezesha hata mtoto asiyejua kusoma kuifuata sherehe kwa macho.

Msomaji asidhani Roscoe alikosa la kuhubiri. Mwaka 1787 alianza kuchapisha The Wrongs of Africa, utungo mrefu wa kulaani biashara ya watumwa, ilhali mji wake ulikuwa ukinenepa kwa biashara hiyohiyo. Akiwa mbunge wa Liverpool, mwaka 1807 alipiga kura ikomeshwe. Aliporudi nyumbani alipokelewa kwa fujo. Vita hivyo alivipigana na watu wazima wenzake. Mwanawe alimpa wadudu na kicheko.

Mlango ukawa umefunguka. Mwaka 1865, Lewis Carroll alilifanyia mzaha shairi la Watts, akamweka mamba mahali pa nyuki. Mwaka 1989, nchini Marekani, Joyful Noise cha Paul Fleischman, kitabu cha mashairi ya wadudu ya kusomwa na sauti mbili, kilishinda Nishani ya Newbery. Michoro yake ni ya Eric Beddows.

Nasi katika Kiswahili tuna wadudu wetu mashuhuri. Katika "Siafu Wamekazana", Saadan Kandoro aliwafanya siafu wamkabili nyoka, na waliosoma walijua ni mkoloni anayesemwa. Ni shairi lenye uzito, lakini uzito wake ni wa watu wazima. Tatizo ni pale tunapomtwika mtoto wa miaka minane mzigo huohuo, kisha tunashangaa akikua anachukia ushairi.

Sisemi mafunzo yafutwe. Nasema yasiwe kodi ambayo kila shairi la mtoto sharti lilipe. Katika ubeti wa pili, mjukuu wangu aliandika kwamba asubuhi kumbikumbi wameenda, wameacha mbawa zao sakafuni. Hakuambiwa na mtu. Aliinama akaona mwenyewe, akatafuta maneno, akayapanga yakapata vina. Je, hiyo si elimu?

Walimu wenzangu, kabla ya kuuliza "Funzo liko wapi?", tujaribu kwanza kumuuliza mtoto: "Umeona nini?"