Mashimo ya Hadithi za Kijasusi

Mtazamaji wa filamu za kijasusi ni hakimu mkali. Atakaa kimya magari yanapopinduka na majumba yanapolipuka, lakini taa zikishawashwa ataanza kuuliza: yule bwana alipata wapi suti nyingine kavu baada ya kutoka baharini? Bastola ile ya risasi saba ilipigaje risasi ishirini? Hapa kwetu Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, maswali ya namna hii yamekuwa sehemu ya burudani tangu enzi za mabanda ya video yaliyokuwa yakiendeshwa kwa jenereta. Katika Kiswahili, zuzu ni mtu aliyeduwaa, asiyejua mambo. Anayedhani kwamba jina la kijiji ni tabia ya wenyeji wake, na aje asikilize wanavyoichambua filamu.

Chukua kwa mfano Casino Royale, filamu ya James Bond ya mwaka 2006, ambayo Daniel Craig alicheza nafasi hiyo kwa mara ya kwanza. Filamu hii inatugusa kwa kuwa mapema kabisa inatuleta Afrika. Tunaonyeshwa kambi ya waasi wa Lord's Resistance Army, na maandishi yanatuambia kwamba hapo ni Mbale, Uganda. Lakini Mbale ni mji wa mashariki, chini ya Mlima Elgon, katika nchi ya kahawa. Vita vya waasi wale viliumiza hasa watu wa kaskazini, Gulu na Kitgum. Kisha tunapelekwa Madagascar, ambako watu wamezunguka mpambano wa nguchiro na swila. Kisiwa kile hakina swila. Na eneo la ujenzi ambamo Bond anamkimbiza mtengenezaji wa mabomu halikuwa Madagascar hata kidogo. Lilipigwa picha katika visiwa vya Bahamas. Mwisho wa mbio hizo ni ubalozi wa nchi iitwayo Nambutu, nchi ambayo haipo katika ramani yoyote.

Makosa haya yanachekesha, na baadhi yake yanaudhi kidogo, maana yanaonyesha kwamba kwa mtunzi wa mbali Afrika ni pahali pamoja tu, penye joto na bunduki. Hata hivyo hakuna aliyefukuzwa nchini wala kufungwa kwa sababu ya swila wa Madagascar. Tumetoa pesa zetu ili tudanganywe kwa saa mbili, tumedanganywa, tumekwenda kulala.

Mambo hubadilika hadithi ya kijasusi inapotoka kwenye kioo na kuingia katika ofisi za serikali. Sisi Watanzania tuliwahi kuipata hadithi kama hiyo, na inafaa ikumbukwe.

Mwaka 1964 ulikuwa mgumu. Tarehe 12 Januari yalifanyika Mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika waliasi, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa makomandoo wa Kiingereza. Aprili nchi zetu mbili ziliungana. Septemba FRELIMO walianza vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, na Wareno walijua vizuri wapiganaji wale walitoka upande gani. Huko Kongo mamluki wa kizungu walikuwa wakipigana na waasi, na Novemba ndege za Marekani ziliwashusha askari wa Ubelgiji mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani.

Ni katika mwezi huohuo wa Novemba ambapo Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kwamba zimepatikana karatasi zinazothibitisha njama ya mataifa ya Magharibi pamoja na Wareno ya kuiangusha serikali yetu. Marekani ilikanusha, ikasema karatasi zile ni za kughushi. Kabla ya mwaka kwisha Mwalimu Nyerere aliyakubali maelezo yao. Waliochunguza historia ya siku zile nao wamezihesabu karatasi hizo kuwa za kughushi.

Ukizitazama leo, utaona ni kwa nini ziliaminiwa. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakiogopa: Wareno, Marekani, njama. Mghushi hakuhitaji kutushawishi. Alituandikia hofu yetu wenyewe, akaturudishia.

Moshi wa jambo hilo haujatoweka, Januari 1965 likazuka la pili. Simu ilinaswa kati ya wanadiplomasia wawili wa Kimarekani: Robert Gordon, aliyekuwa Dar es Salaam, na Frank Carlucci, aliyekuwa Unguja. Katika mazungumzo yao lilisikika neno lenye maana ya risasi. Serikali ilielewa kwamba wanapanga kupindua nchi, na wote wawili wakafukuzwa. Marekani ikajibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia mmoja wa Tanzania. Kwa maelezo ya Carlucci mwenyewe, walikuwa wanazungumzia salamu za kuadhimisha mwaka mmoja wa Mapinduzi. Walitaka Washington ikubali kuzituma, na "risasi" walizozihitaji zilikuwa hoja za kuwashawishi wakubwa wao.

Nasi tunayo misemo kama hiyo. Mpenzi wa Yanga akimwambia mwenziwe kwenye simu, "Jumamosi tunawaua, tumeshajipanga," shushushu asiyejua habari za mpira anaweza kuandika ripoti ya kutisha sana. Sikio limesikia sawasawa. Aliyepotea ni mfasiri.

Hadithi haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1981 Carlucci alikuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na baadaye, mwaka 1987 hadi 1989, Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Wengi wakisikia hivyo hupiga goti: "Si mnaona? Alikuwa jasusi tangu zamani!" Katika filamu hoja hiyo ingetosha, kwa kuwa katika filamu kila kitu kinachoonekana mwanzoni lazima kiwe na kazi mwishoni. Maisha hayana mkataba huo. Cheo alichokipata mtu mwaka 1978 hakitafsiri neno alilolisema mwaka 1965. Huenda mtu akawa na siri nyingi, na bado neno lile moja likawa halina siri yoyote.

Je, tuseme basi kwamba hofu ya wazee wetu ilikuwa ya kipuuzi? La hasha. Tarehe 3 Februari 1969, hapahapa Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu kilichotumwa kwa jina lake. Ndani ya kitabu mlikuwa na bomu, likamuua. Mtunzi wa filamu angetuletea kisa hicho, tungesema ametia chumvi. Na kisa hicho kina shimo kubwa ambalo hakuna mtunzi angeliruhusu: hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kukituma kifurushi kile.

Hapa ndipo ilipo tofauti. Katika filamu, shimo ni dalili ya uongo. Katika historia, aghalabu shimo ni dalili ya ukweli, kwa kuwa watu hufa na siri zao, karatasi huchomwa, mashahidi husahau. Karatasi za mwaka 1964 zilieleza kila kitu. Kifo cha Mondlane hakielezi kila kitu, lakini kilitokea.

Wazee wanaosikiliza kesi za ng'ombe walioibwa katika nchi hii ya Ugogo wanaijua siri hiyo bila kusoma kitabu. Shahidi akieleza usiku mzima wa wizi bila kusita, rangi ya kila ng'ombe, nguo ya kila mwizi, neno alilosema kila mmoja, hawamsifu. Humwuliza swali moja tu: "Wewe ulikuwa wapi?" Anayesema, "Niliona nyayo mpaka kwenye korongo, kutoka hapo sikuziona tena," huyo hupewa kigoda.

Basi tuendelee kuwacheka kina James Bond na swila wao; ni haki yetu, tumelipia. Ila ukali ule tunaouonyesha bandani tusiuache mlangoni tunapotoka. Mtu akituletea habari ya njama ambayo imekamilika pande zote, yenye adui yuleyule tuliyekwisha kumchukia, tumwulize kama wazee wanavyouliza: wewe ulikuwa wapi, na umejuaje?