Wasamia wa Lumino katika Pendekezo Langu

Pendekezo langu la utafiti lilirudishwa na swali moja: Wasamia wa Lumino wako wapi? Nilikuwa nimemtegemea Gideon Were, aliyechapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967, lakini kitabu hicho kinahusu magharibi mwa Kenya. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauweka chini ya himaya ambayo leo ni Kenya. Wasamia wakabaki pande mbili za Mto Sio.

Nikaenda Lumino. Mzee niliyemhoji hakutaja mwaka hata mmoja (nami nilikuja na jedwali la miaka!). Alitaja mashemeji na makaburi yaliyo ng'ambo. Niliandika majina ya koo, nikarudi kuyatafuta kwa Were. Baadhi nimeyakuta, yaliyokosekana ndiyo sasa swali la utafiti wangu.